Kiko Nilichokitungia Hadithi

Nilianza kazi ya maendeleo ya jamii nikiwa na begi moja, cheti nilichokifunika plastiki, na imani kwamba wananchi walikuwa wananisubiri. Hawakuwa wananisubiri. Siku ya kwanza nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi mpaka saa nane mchana, kwa sababu mwenye ufunguo wa chumba chetu alikuwa amekwenda msibani. Aliyenionea huruma ni Bi. Zuhura, afisa wa siku nyingi, mzaliwa wa Tabora, mnene wa mwili na mchache wa maneno. Alinipa nusu ya muhogo wake, akaniuliza kama najua kuendesha pikipiki. Nikasema najua. Sikuwa najua. Uongo ule ulikuwa mdogo, na adhabu yake niliipata wiki ileile, mtaroni.

Siku mliyoniaga mliniomba niwaandikie ninyi mnaoanza, nieleze tulivyofanya kazi kabla ya simu zenye ramani. Nitaeleza. Lakini sehemu kubwa ya maandishi haya ni habari ya kiko kimoja cha udongo na mama mmoja aliyekifinyanga, kwa sababu katika mambo yote niliyoyafanya kazini, hilo ndilo ninaloamka nalo.

Miaka yangu mingi ya mwanzo niliimalizia upande wa Meatu, nikitokea Mwanhuzi. Mimi ni mtu wa Shishiyu, kwa hiyo Kisukuma nilikuwa nacho na jua nililizoea. Pikipiki ya idara ilikuwa na honi yenye nguvu kuliko breki. Bi. Zuhura alinifundisha yale ambayo chuoni hayakuwemo. Usifungue faili kabla salamu hazijaisha, na kwetu salamu haziishi upesi. Utauliza nyumbani, watoto, ng'ombe na mvua, kisha utaulizwa wewe hayohayo. Maji ukipewa, kunywa, hata kama yana rangi. Ukifika kwenye kikundi cha akina mama, usikae kwenye kiti pekee kilichopo. Kaa walipokaa. Yeye mwenyewe alikuwa akikaa chini licha ya miguu yake iliyokuwa ikivimba, na kila alipotaka kuinuka ilibidi tumvute watu wawili.

"Wakishanivuta ndipo wanaponiambia ya kweli," alisema. "Kabla ya hapo wanamwambia afisa."

Kazi yenyewe mnaijua. Unasajili vikundi, unavifuatilia, unavisuluhisha. Kuna kikundi kilipewa mashine ya kusaga, wakagombana juu ya nani akae na ufunguo, hata mashine ikafungwa na kufuli tatu na kuku wakatagia ndani. Nilikwenda pale mara nyingi kuliko nilivyokwenda kuwaona wazazi wangu. Kuna kikundi cha kufuga nyuki ambacho wanachama wote walikuwa wanaogopa nyuki. Hayo yote yaliisha, mengine vizuri, mengine kwa watu kuchoka. Hili la kiko halijaisha.

Kijiji sikitaji jina, kwa sababu watu wake wapo na wengine ni rafiki zangu mpaka leo. Ni mwendo wa kama saa moja kwa pikipiki kutoka Mwanhuzi, barabara nyeupe, mashamba ya pamba na mtama, halafu malisho. Kulikuwa na kikundi cha akina mama wafinyanzi, na fundi wao alikuwa mjane mmoja aitwaye Kwandu. Wote walimwita Mayu Kwandu, yaani Mama Kwandu, nami nikamwita hivyo. Alikuwa amepita miaka sitini, mrefu, mwenye mikono mikubwa ambayo haikuonekana ya kike mpaka uione ikishika udongo. Wenzake walifinyanga vyungu na mitungi. Yeye alifinyanga hivyo pia, lakini alikuwa pia anafinyanga viko vya kuvutia tumbaku, na viko vyake havikufanana na vya mtu yeyote niliyepata kumwona.

Kiko cha kawaida mnakijua: kikombe kidogo cha udongo, na tundu la kuchomeka mrija wa tete. Kiko cha Mayu Kwandu kilikuwa na tumbo bapa chini, kikikaa mahali hakianguki. Kwenye tumbo ilitoka shingo ndefu, ikapanda juu, halafu ikapinda na kushuka, kama ndege anayeinamia maji. Ubavuni mwa shingo kulikuwa na vijivimbe viwili, kimoja huku na kimoja kule, vikubwa kama punje za mahindi.

Siku niliyokwenda kuwasajili nilikuwa na fomu yenye safu nyingi. Jina la bidhaa, malighafi, idadi ya wanachama, na safu ya mwisho: maana ya bidhaa katika utamaduni. Mayu Kwandu alikuwa anapanga vyungu kwa ajili ya kuvichoma, akiviwekea nyasi na samadi kavu, na upepo ulikuwa umeanza. Alinijibu huku akifanya kazi. Nilipofika kwenye ile safu ya mwisho nilitazama saa, nikatazama barabara, nikafunga faili. Nilijiambia nitaijaza ofisini.

Safu ile ilikaa tupu muda mrefu bila kumdhuru mtu.

Kisha mkoa mpya ulipoanza, Bariadi ikawa makao makuu, kila kitu kikatakiwa kiwe kipya. Kulikuwa na maonyesho ya wakulima na wafugaji yanakuja, na banda letu lilihitaji kitu ambacho mabanda mengine hayakuwa nacho. Nilipeleka viko vya Mayu Kwandu. Mkuu wangu wa idara alikishika kimoja, akakigeuzageuza.

"Kizuri," alisema. "Kinahusu nini?"

"Ni kiko."

"Naona ni kiko, bwana. Nauliza habari yake. Wageni watauliza. Hatuwezi kumwambia mgeni ni kiko akaondoka. Andika kipeperushi chenye mvuto, Jumatatu nikione."

Ilikuwa Alhamisi. Safari ya kwenda kijijini na kurudi ingenichukua nusu siku. Pikipiki ilikuwa nzima na mafuta yalikuwepo. Nasema haya ili msinitafutie sababu. Nilikaa kwenye meza yangu na kile kiko mbele yangu, na nilipokitazama sana nikaona ndege. Nikaona korongo, wale ndege warefu wanaokuja na mvua. Mengine yalikuja yenyewe, na lazima nikiri kwamba nilifurahi kuandika kuliko nilivyopata kufurahia ripoti yoyote.

Niliandika kwamba zamani za watemi kulikuwa na mtemi wa mvua aliyeota korongo anakunywa wingu. Alipoamka akaagiza kiko chenye umbo lile, na akawa anakivuta mwanzo wa msimu ili moshi upande kuita mawingu. Vile vivimbe viwili nikasema ni macho ya korongo, moja linatazama mbingu na jingine linatazama ardhi. Nikasema siri ya umbo lile imerithishwa kutoka mama kwenda binti mpaka ikamfikia Kwandu, nikaandika na jina la kijiji. Nikaona bado kuna nafasi chini ya ukurasa. Nikaongeza sentensi moja: "Inasemekana mwenye kiko akikigeuza shingo ikaelekea nyuma, mvua hurudi ilikotoka."

Mkuu wa idara aliisoma mara mbili na kunipiga begani.

Bi. Zuhura, ambaye wakati huo alikuwa amebakiza miezi michache astaafu, aliisoma akiwa amesimama mlangoni.

"Nani alikuambia haya?"

"Wazee."

"Wazee gani?"

Nikacheka. Nilidhani atacheka pia. Aliiweka karatasi mezani kwangu taratibu, akaenda zake, na hatukuzungumza tena habari ile mpaka alipoondoka.

Maonyesho yalikwenda vizuri mno. Wageni walipiga picha na viko, mtangazaji wa redio akakisoma kipeperushi chote hewani, na kipeperushi chenyewe kikawekwa fremu ukutani ofisini kwetu. Mayu Kwandu hakujua kusoma. Nilimpelekea nakala moja kijijini, akaishika kwa ncha za vidole ili isipate udongo, akatazama picha ya kiko chake.

"Mmeandika nini hapa, mwanangu?"

"Tumekusifu tu, mayu."

Alifurahi. Aliikunja, akaiweka ndani ya sanduku lake la nguo. Nilikuwa na dakika zote za kumsomea. Najua kwa nini sikumsomea: angesema, "Hayo umeyatoa wapi?"

Mwaka uliofuata mvua zilichelewa. Wakulima walipanda, mbegu zikakauka ardhini au zikaliwa na mchwa. Wakapanda tena. Mawingu yalikuja mchana yakajikusanya juu ya vilima, halafu yakatawanyika, siku baada ya siku. Ng'ombe walianza kuinuliwa kwa kusaidiwa, watu wanne kwa ng'ombe mmoja. Nilikuwa nimezama kwenye orodha za kaya za chakula cha msaada nilipopigiwa simu na Maduhu, mtendaji wa kijiji, kijana mpole aliyekuwa na kawaida ya kucheka kabla ya kusema jambo. Siku ile hakucheka.

"Bwana Maendeleo, njoo. Kuna mkutano kesho asubuhi. Kuna karatasi yako hapa."

Nilifika nikakuta watu wamejaa uwanja wa ghala la pamba. Mayu Kwandu alikuwa amekaa peke yake mbele, miguu ameinyoosha, na hakuna aliyekaa karibu naye. Aliponiona alinisalimu kwa furaha, "Mwangaluka," kama mtu aliyeona ndugu yake amefika hospitali.

Aliyesimama kuzungumza ni mfugaji mmoja aitwaye Jilala. Nawaomba msimwone Jilala kuwa mtu mbaya. Alikuwa amepoteza zaidi ya nusu ya ng'ombe wake, na wale waliobaki aliwafahamu kwa majina kama tunavyowafahamu watoto. Alishika kipeperushi, kimechakaa kwenye mikunjo. Alisema kwamba yeye hamchukii mtu. Alisema redio ilisoma, binti yake wa sekondari akasoma, na wote walisoma jambo moja. Viko vipo nyumbani kwa Kwandu, vimepangwa kwenye rafu, na mtu mmoja amekwenda akaona shingo zote zimeelekea nyuma ya nyumba.

"Huko ndiko kulikobaki nafasi ya shingo pale ukutani," Mayu Kwandu alisema. Wengine walinung'unika.

"Mimi sikusoma," Jilala akaendelea. "Sijui kama karatasi hii ni ya kweli au ya uongo. Kama ni uongo, mwenye karatasi yupo hapa. Aseme."

Watu wote wakageuka wakanitazama. Mayu Kwandu naye akanitazama, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa, kwa sababu alijua mimi naijua kweli.

Ninyi mtakaosimama mbele ya mikutano, naomba mnisikilize hapa. Maneno niliyotakiwa kusema yalikuwa matano: niliyatunga mimi mwenyewe, ofisini kwangu. Nilisimama nikiwa nayo. Halafu nikaona fremu iliyo ukutani. Nikamwona mkuu wa idara, na wageni waliopiga picha, na barua ya kujieleza. Nikaona pia watu wa kabila langu wakiambiana kwamba kijana wa Shishiyu amewazulia watemi uongo kwa ajili ya maonyesho. Yote hayo yalipita katika muda wa kukohoa.

"Ndugu zangu," nikasema, "serikali haiamini mambo ya ushirikina. Mvua ni hali ya hewa. Karatasi hii ni ya kutangaza utamaduni wetu tu. Hizi ni simulizi."

"Simulizi za nani?" Jilala akauliza.

Nikaitazama karatasi mkononi mwake.

"Za wazee," nikasema.

"Basi," alisema Jilala, na akakaa.

Nilizungumza tena baada ya hapo, nikazungumza sana, kuhusu sheria, kuhusu haki za wazee, kuhusu kutochukua sheria mikononi. Maduhu naye alisimama imara, na nadhani ni kwa ajili yake tu kwamba hakuna aliyemgusa Mayu Kwandu siku ile. Lakini uamuzi ulikuwa umeshafanyika. Alitakiwa alete viko vyake vyote. Alivileta mwenyewe kwa ungo, mara mbili, kwa sababu havikuenea mara moja. Vikapondwa palepale kwa nyundo ya kufungia marobota ya pamba, na vigae vikapelekwa kutupwa mtoni, mto wenyewe ukiwa mchanga mtupu. Yeye hakupiga kelele. Alipokuwa akipita karibu yangu na ungo mtupu alisimama kidogo, akaniangalia mdomo, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize sentensi. Sikuimalizia.

Kwenye ripoti niliandika: "Mgogoro umetatuliwa kwa njia ya amani." Iko kwenye jalada mpaka leo, kama panya hawajaila.

Siku ya tano mvua ilinyesha. Ilinyesha vizuri, mvua ya kulowesha shamba, na watu walitoka nje wakasimama ndani yake. Hapo ndipo Mayu Kwandu alipokwisha. Kabla ya mvua ile kulikuwa na watu waliokuwa na shaka. Baada yake hakubaki hata mmoja. Wanawake wa kikundi walihamisha vyungu vyao kutoka bandani kwake. Kisimani walimpisha njia kwa umbali mkubwa mno. Asubuhi moja alikuta matawi ya miiba yamepangwa mlangoni pake, kwa unadhifu, kama mtu anavyofunga zizi. Binti yake Holo, anayeuza mboga Bariadi, alikuja akamchukua, pamoja na sanduku la nguo na mbuzi wawili. Nyumba ikabaki, na kaburi la mumewe likabaki nyuma ya nyumba. Maduhu ndiye aliyenisimulia. Mimi sikwenda kumuaga.

Miaka iliyobaki nilifanya kazi kama mlivyoniona. Nilihamia Bariadi, na Bariadi si mji wa kumkosa mtu. Nilimwona mara moja sokoni, anapima nyanya kwa kuzibonyeza, nikazunguka nyuma ya lori la pamba nikasimama pale mpaka dereva akaniuliza kama nimepotelewa na kitu. Nikawa namtuma mtu mwingine kununua mboga. Watu mlinisifu kwamba nilikuwa mkali kwa maafisa wapya juu ya takwimu, kwamba sikukubali safu ijazwe bila kwenda uwandani. Sasa mnajua ukali ule ulitoka wapi. Sikuwa na ujasiri wa kuusema ukweli, nikawa na ukali.

Halafu ikaja siku ya kuniaga. Mmoja wenu, sitamtaja, kijana mzuri, alisimama na kusoma wasifu wangu. Akasema: "Mzee wetu ndiye aliyeihifadhi historia ya kiko cha mvua, isingepatikana leo bila yeye." Mkapiga makofi. Nikaona kwamba nikifa, hilo ndilo litakalosomwa.

Kesho yake asubuhi nilikwenda nyumbani kwa Holo. Anakaa mtaa wa nyuma ya stendi, nyumba ya vyumba vitatu na uwanja uliofagiliwa. Mayu Kwandu alikuwa amekaa kwenye mkeka ukutani, anachambua mchicha. Macho yake yameingia ukungu. Anaona mwanga na vivuli. Nilimsalimu kwa Kisukuma, nikataja jina langu.

"Bwana Maendeleo," alisema. "Nilisikia umestaafu."

Nilikaa kwenye mkeka. Nikamwambia yote: Alhamisi ile, meza, korongo, sentensi ya mwisho niliyoiongeza kwa sababu karatasi ilikuwa na nafasi. Holo alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi, na sijui kwa nini hakunitupia. Mayu Kwandu aliendelea kuchambua mchicha mpaka nikamaliza.

"Kwa nini unaniambia mimi?" aliuliza. "Mimi sikuwahi kuamini. Nenda ukawaambie walioamini."

Nilikuwa nimetegemea aseme yamepita. Nadhani nilikwenda pale kwa ajili ya neno hilo moja. Hakulisema.

Nilipanda basi la Mwanhuzi siku iliyofuata, kutoka pale nikachukua bodaboda. Maduhu alishahama kituo, lakini Jilala yupo, mzee sasa, na ng'ombe wake wamezaana tena. Alinipokea vizuri. Alikusanya watu kama kumi na watano pale ghalani, akina mama wawili watatu wa kile kikundi cha zamani wakiwemo, nikapewa maziwa. Nikasimama nikasema yale maneno matano, na mengine mengi. Nilisema hakukuwa na mtemi wala ndoto. Nilisema Mayu Kwandu hakuwa na kosa lolote, mwenye kosa ni mimi.

Walinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha Jilala akatikisa kichwa, taratibu, kwa huruma.

"Mzee, umemwonea huruma yule mama, na ni vizuri. Lakini niambie. Tulipovipasua, mvua ilinyesha au haikunyesha?"

"Ilinyesha."

"Ehe."

"Jilala, niliitunga. Niliiandika mimi kwa kalamu yangu."

"Uliiandika wewe," alikubali. "Lakini haikuanzia kwako. Hata babu yangu alikuwa anaisimulia hiyo ya korongo. Nakumbuka tukiwa tumekaa zizini."

Mama mmoja akasema kweli, na kwao ilikuwa inasimuliwa, ila kwao ndege alikuwa mwingine. Wakaanza kubishana juu ya ndege. Nilisimama katikati yao nikiwa mtu pekee duniani anayejua hadithi ile ilizaliwa lini, na hakuna aliyenihitaji. Wakati wa kuondoka walinifungia karanga.

Nilirudi kwa Holo jioni ya siku ya pili, nikampa mama zile karanga, nikamweleza. Sikuficha kitu. Nilipofika kwenye babu yake Jilala, Mayu Kwandu alicheka, kicheko kifupi, na nilishtuka kwa sababu sikuwa nimekisikia tangu siku za banda lake la vyungu.

"Sasa uliwaambia kilikuwa cha nini?"

"Nini, mayu?"

"Kiko. Uliwaambia si cha mvua. Uliwaambia ni cha nini?"

"Sijui ni cha nini," nikasema.

"Hujui."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza, mwanangu. Ulikuja na fomu, ukauliza udongo natoa wapi."

Nilihesabu moyoni mara nilizopita nyumbani kwake katika miaka ile, nikaacha kuhesabu. Nikamuuliza. Nilimuuliza kwa Kisukuma, kama ambavyo ningemuuliza mama yangu, kwa nini kiko chake kilikuwa na umbo lile.

Aliweka karanga pembeni.

"Mabula alianguka kutoka kwenye mkokoteni," alisema. Mabula alikuwa mumewe. "Ulikuwa umejaa pamba, ng'ombe wakashtuka. Mgongo ukavunjika. Alilala chali miaka sita, hakuinuka tena. Alikuwa mtu wa tumbaku sana, na mimi sikuweza kumnyima na hiyo. Lakini kiko cha kawaida, mtu akiwa amelala, moto unamwagika. Alikuwa na makovu hapa." Aligusa kifua chake. "Kwa hiyo nikafinyanga chenye tumbo bapa, kikae kifuani peke yake. Shingo nikaipandisha halafu nikaishusha imfikie mdomoni. Cha kwanza kilikuwa kifupi, kikamuunguza kidevu. Alinitukana. Cha pili kirefu mno, anavuta, moshi haufiki, akanitukana tena. Cha tatu kikakaa."

"Na vile vivimbe viwili vya shingoni?" nikauliza. Nilikuwa nimeviita macho.

Alinyoosha mkono, akakutanisha kidole gumba na cha shahada, taratibu, kwenye hewa iliyokuwa kati yetu.

"Hapo nilikuwa naweka vidole vyangu. Mikono yake ilikuwa haishiki. Nilikuwa namshikia mpaka amalize."

Holo alikuwa ameacha kukoroga chungu. Sidhani kama alikuwa amepata kuisikia yote.

"Mayu," nikasema, "Mabula alipofariki, mbona uliendelea kuvifinyanga vilevile?"

Aligeuza uso wake kufuata sauti yangu.

"Sasa vingine ningevifinyanga vya nani?"